Asiyetaka Kuwa wa Nane

Watu kumi na mmoja walipanga foleni kwenye ngazi ya nyumba moja ya Phú Nhuận, mjini Saigon, kukagua chumba kimoja, na Nhựt alikuwa wa tisa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi alfajiri, suruali ya kijivu, na viatu vilivyong'arishwa hata ungeweza kujitazama ukachana nywele. Chini, kichochoro kilinguruma kwa pikipiki, muuza juisi ya miwa alikuwa akikamua, na jirani alikuwa akijaribu spika ya karaoke ingawa saa nne asubuhi ilikuwa haijafika. Kila aliyetoka chumbani alishuka kimya, akiwatazama waliobaki kama mtu atokaye kwenye usaili.

Zamu yake ilipofika, akavuka kizingiti, na tone la maji meusi likamwangukia begani.

"Samahani, bwana harusi," ikasema sauti kutoka juu.

Fundi wa viyoyozi alikuwa juu ya ngazi ya mbao, mikono imeloa hadi viwikoni, fulana ya buluu imemganda mgongoni. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na meno mazuri. Nhựt aliyatambua meno kabla ya uso, maana kazi yake ilikuwa kuchonga meno ya bandia.

"Sioi," akasema. "Natafuta chumba."

"Kwa shati hilo? Mama mwenye nyumba atakupandishia kodi." Fundi akashuka vidaraja viwili, akapunguza sauti. "Usikichukue hiki. Geti linafungwa saa nne usiku, na kila mgeni wako huulizwa ni nani wako na atalala wapi. Wewe una wageni?"

Nhựt alitaka kucheka, akashindwa. "Bado."

"Basi tafuta mahali ambapo wakija hawataulizwa."

Walitazamana kidogo kupita kiasi kinachotakiwa kati ya fundi na mtu anayetafuta chumba. Kisha wa kumi akakohoa mlangoni. Nhựt akatoka bila chumba, ila amekariri tarakimu kumi zilizochapwa mgongoni mwa ile fulana. Jioni akapiga.

"Kiyoyozi changu kinavuja," akasema.

"Kiko mtaa gani?"

"Hapo ndipo unisaidie. Sina chumba cha kukiweka."

Fundi akacheka mpaka simu ikakwaruza. Jina lake lilikuwa Triều.

Nhựt alikuwa na miaka ishirini na minne, mtu wa Sa Đéc, kwenye bustani za maua. Miaka miwili nyuma alimwambia baba yake kwamba hataoa mwanamke, na tangu siku hiyo baba hakulitamka tena jina lake. Hakumpiga, hakumfukuza; alimwacha tu akae mezani kama kiti. Nhựt alivumilia mpaka alipopata kazi Saigon. Sasa alilala sakafuni kwa binamu yake huko Bình Tân, na mke wa binamu alikuwa karibu kujifungua. Mwisho wa mwezi ilibidi atoke. Katika daftari lake aliandika majina ya mitaa, na kando ya kila jina maswali mawili: naweza kulipa? naweza kuishi bila kujificha?

Wiki tatu nzima, kila Triều alipomaliza kazi, walizunguka kwa pikipiki kutafuta majibu. Katikati ya mji, kwenye mabaa na bendera za upinde wa mvua, hakuna aliyemwuliza mtu chochote, lakini chumba kilikuwa kama kabati na bei yake kama nyumba. Thủ Đức kodi ilikuwa rahisi, ila mwenye nyumba alikaa chumba cha chini na kusikiliza nyayo. Gò Vấp palikuwa mbali, tulivu, na watu wake hawakuwa na habari na mtu. Triều alikuwa na neno kwa kila mtaa, na kwa kila neno alimtania Nhựt kuwa mshamba anayekagua vyumba kama anayechagua mchumba.

"Na wewe unachaguaje mchumba?" Nhựt akamwuliza siku moja.

"Mimi namdondoshea maji, nione kama atakimbia."

Mvua ya kwanza ya mwaka iliwakuta darajani. Triều alikuwa na koti moja la mvua, lile refu la plastiki ambalo abiria huingia chini ya mkia wake. Nhựt akaingia. Humo gizani, mji mzima ukipita bila kumwona, alimkumbatia mtu wake kiunoni kwa mara ya kwanza, shavu likiwa mgongoni mwa ile fulana. Mkono mmoja wa Triều ukaacha usukani, ukaja kuufunika wake. Mvua iliposimama, hakuna aliyelivua koti.

Ndipo Triều alipokosea, kama kukosea ndilo jina lake. Jumapili moja asubuhi alimpeleka kula kwao, Wilaya ya Nne.

Mama Út, mama yake Triều, aliuza wali wa chenga na nyama ya nguruwe ya kuchoma kwenye mdomo wa kichochoro. Alikuwa mfupi, bangili ya jedi mkononi, suruali na blauzi ya kitambaa kimoja cha maua makubwa, na moshi wa mkaa ulimfuata kama mbwa. Mwenyewe alizaa wawili tu: binti aliyeolewa Đồng Nai, huyo alikuwa wa pili, na Triều, wa tatu, maana watu wa kusini huanzia hesabu ya watoto kwenye mbili. Kuanzia wa nne mpaka wa saba hakuwazaa. Walikuja mjini hawana mtu, akawalisha, akawasimamisha mbele ya picha ya marehemu mumewe, akawasha udi na kuwapa namba. Kichochoro kizima kikawaita kwa namba hizo, na aliyekuwa na namba hakuwa mgeni tena.

Wa sita alikuwa msusi. Alizaliwa mvulana huko Bến Tre. Sasa alikuwa dada wa kope ndefu kama fagio, aliyeimba misibani kwa sauti ya kuwaliza hata wadeni wa marehemu. Asubuhi ile Nhựt alimkuta akigombezwa na Mama Út kwa kuacha nusu ya wali, huku mjumbe wa mtaa akimsubiri kwa adabu amnyoe. Nhựt akalitazama jambo hilo. Hapa, akajisemea. Ni hapa.

Kabla hajamaliza sahani, Mama Út alishajua kwao, kazi yake, na kwamba hana mahali. Akampandisha kwenye chumba kilicho juu ya saluni ya wa sita: dirisha la kutazama mfereji, dong milioni mbili na nusu kwa mwezi, funguo akabidhiwe hata leo. Na tarehe kumi na sita ya mwezi wa nne wa mwandamo, akamwambia, ni kumbukumbu ya kifo cha mume wangu. Siku hiyo nitakutambulisha kwake.

"Utakuwa wa nane," akasema. "Umekonda, lakini nane ni namba nzuri."

Miaka miwili hakuna mzazi aliyemwita chochote. Nhựt akageuka amtafute Triều waifurahie pamoja. Triều alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva kama aliyemeza mwiba.

Jioni ile simu ililia.

"Chukua kile cha Gò Vấp," Triều akasema.

"Gò Vấp simjui mtu."

"Ndiyo uzuri wake."

"Unanionea aibu."

"Sikuonei aibu, mpenzi."

"Basi nipe sababu moja ya mimi kutoishi karibu na wewe."

Kiyoyozi cha watu kilisikika kikikoroma upande wa pili. "Kwa sababu utakuwa karibu mno," Triều akasema mwishowe. "Sijui kulieleza, Nhựt. Mimi ni fundi."

"Fundi wa kuvujisha." Akakata.

Siku tisa hawakusemezana. Nhựt alichonga meno na kuyaharibu. Mzee mmoja wa Tân Phú alitengenezewa magego yanayotazama nyuma. Asubuhi alimchukia Triều, mchana akamtetea, jioni akashika simu na kuiweka. Alikwenda Gò Vấp peke yake, akazungumza na mwenye nyumba, akaondoka bila kulipa. Alirudi Wilaya ya Nne kunyolewa, akijidanganya kwamba nywele zimezidi.

Dada wa sita alimfunga shuka shingoni, akamtazama kwenye kioo, akamwuliza ana nini na wa tatu. Nhựt akakikwepa kioo. Msusi akatabasamu, akaendelea kukata, akamsimulia. Wa nne alikuwa kijana wa Huế, wa saba binti wa Cà Mau. Walipendana. Lakini walishasimama mbele ya udi uleule, ndugu mbele ya marehemu, na ndugu hawaoani. Walihama mchana kweupe na godoro lao juu ya pikipiki. Mpaka leo Mama Út akihesabu wanawe husema wa pili, wa tatu, wa tano, wa sita, na huko kwingine anameza mate.

Mkasi ukasimama. Nhựt akauliza kama mama anajua habari za Triều.

"Mimi ananipenda kwa sababu nilimfikia nikiwa nimeshaiva," dada wa sita akasema. "Wa tatu alimpika mwenyewe. Siwezi kukuambia, mdogo wangu. Hata mimi sijui."

Basi kumbe Triều alikuwa akimkinga. Au alikuwa akijikinga mwenyewe? Nhựt alitembea mpaka mferejini na nywele zake mpya, moyo umesokoteka kama uzi uliochezewa na mtoto. Akikubali namba, atapata mama na kumpoteza mpenzi. Akiikataa, atamkosa mama, na mpenzi mwenyewe hajulikani kama yupo. Alitamani mtu amwambie la kufanya, kisha akakasirika kwamba alitamani hivyo.

Siku ya kumbukumbu ilifika, naye hakuwa amepata jibu. Alikwenda kwa kuwa mguu ulikwenda. Adhuhuri ile kichochoro kilijaa meza za duara, supu ya vichipukizi vya mianzi ilitoa mvuke, na wazee walikuwa wameshafungua bia. Triều alipita na sinia, shati jeusi limefungwa mpaka kifungo cha juu, amepungua mwili. Macho yakakutana, yakakimbiana.

Mama Út akamshika Nhựt mkono, akamweka mbele ya picha ya mumewe, akamtia mkononi vijiti vitatu vya udi vinavyowaka.

"Mzee," akaiambia picha, "nimekuletea wa nane."

Harufu ya udi, harufu ya wali, kiganja cha mwanamke mgongoni mwake. Ilikuwa rahisi kuinama mara tatu. Rahisi kabisa.

"Mama," akasema, "naomba nisiwe wa nane."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mama Út hakukasirika mara moja; alichanganyikiwa kwanza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akauliza kama wamemkosea, kama wali ulikuwa mbaya, kama kuna mtu aliyemtukana. Nhựt akatikisa kichwa. Sababu ilikuwa moja tu, na haikuwa mali yake kuitoa mbele za watu. Akasema kwamba anataka kuwa mpangaji tu, akayasikia maneno hayo yakitoka makavu na ya mtu asiye na shukrani. Wazee wakaanza kunung'unika. Akabaki amesimama, tayari kuondoka ameitwa mshenzi.

Sinia likawekwa chini.

"Ni mimi," Triều akasema. "Mama, ukimfanya ndugu yangu, mimi nitabaki na nani?"

Mama Út alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Yeye, tangu ile nyumba ya Phú Nhuận. Mimi, tangu uliponizaa."

Hakuna aliyetafuna. Majivu ya udi yalidondoka juu ya vidole vya Nhựt, naye hakuyakung'uta. Mama Út akamnyang'anya vile vijiti, akavichomeka mwenyewe kwenye bakuli la mchanga, akaitazama picha.

"Mzee, wa nane hayupo, usimngoje. Huyu aliyesimama hapa sijui ni nani. Nikijua nitakuambia." Akamgeukia Nhựt. "Chumba cha juu sikupi. Kakae Gò Vấp. Mtu wa namna yako hakai mlango wa pili na nyumba ya watu. Huja mchana, kwa mbele, amebeba matunda."

Akaingia jikoni, na masufuria yakaanza kugombana. Wageni wakatazamana, na kwa kuwa supu ilikuwa inapoa, wakala.

Mdomoni mwa kichochoro, juani, Triều alihangaika na kofia yake ya pikipiki kama aliyesahau inavyofungwa.

"Amenifukuza," Nhựt akasema.

"Hata shemeji wa Đồng Nai aliambiwa aje na matunda, kabla hajamwoa dada."

"Kwa hiyo amenikaribisha."

"Sijui. Angemkaribisha mtu asingepiga masufuria namna ile." Akafuta jasho. "Siku tisa, Nhựt. Nilikwenda Phú Nhuận nikakisafisha tena kile kiyoyozi bure."

"Ungepiga simu."

"Ningesema nini?"

"Hayo uliyoyasema leo."

"Leo niliyasema kwa sababu nilikuona umekubali kutukanwa kwa ajili yangu. Nikaona haya. Haya yangu mwenyewe, si yako." Akauinamisha uso. "Kile chumba cha Gò Vấp bado kipo?"

"Mwenye nyumba kasema ananingoja mpaka Jumatatu."

"Kina mahali pa kulaza pikipiki mbili?"

Nyuma yao sauti ya dada wa sita ilianza kuimba wimbo wa huzuni, na mtu akampigia makofi.

"Aliniuliza tutakaa wangapi," Nhựt akasema. "Nikamwambia sijui. Akasema wanaojibu sijui kwa kawaida ni wawili, akaandika wawili."

Triều akapanda pikipiki, akasogea mbele kidogo, akaacha nafasi.