Saa Iliyolia Kifuani Mwangu

Nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mutuini, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haushiki kalamu tena...

Nikiwa darasa la sita moyo wangu uliharibika, nikawekewa vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu. Tangu hapo kifua changu hulia tik, tik, kama saa. Kila siku nilimeza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho. Kwa mengine yote nilikuwa msichana wa vicheko tu, nikikata vitambaa dukani kwa Mama Nisha mjini, nikiota duka langu mwenyewe.

Kisha nikampenda Kamau, mlinzi wa nyumba moja kule Muthangari. Nani angeoa moyo wa chuma? Nikamficha siri hiyo. Kovu nilimwambia ni la jipu. Dawa nikazitia kwenye kopo la mafuta ya nywele. Na tulipoanza kukaa pamoja, redio haikuzimwa hata tukilala.

Jumapili moja mchana stima ikapotea, redio ikazimika. Chumba kikanyamaza... Kamau akainua kichwa.

"Hiyo saa ni ya nani?"

"Saa gani, Kamau?"

"Ya mwanaume. Ameiacha wapi?"

Akapindua godoro, akamwaga nguo zangu zote. Hakuipata. Akanikamata nywele akanigongesha kichwa kwenye fremu ya mlango, mara tatu, mara nne, damu ikanijaa machoni. Na kadiri nilivyoogopa ndivyo ile saa ilivyozidi kulia! Neno moja tu lingeeleza yote. Sikulisema.

Kazini nilisema nimegongwa na mlango.

"Usidanganye mimi, Wairimu," Mama Nisha akasema. "Mlango haina mikono."

Kichwa kiliniuma wiki nzima, akanilipia picha ya ubongo, ile ya mashine ya sumaku. Kamau, aliyekuwa sasa mpole kama mwanakondoo, akanisindikiza. Mhudumu akauliza kama nina chuma chochote mwilini.

"Huyu ako na chuma kichwani tu," Kamau akacheka.

Nami nikacheka. Nikajibu sina.

Picha ilitoka na madoa meusi, kama pilipili manga iliyomwagika. Daktari akasema damu inavuja ubongoni, na kama kuna dawa yoyote ya kulainisha damu ninayotumia, niache mara moja. Kamau alikuwa kando yangu, nikasema situmii. Siku hiyohiyo nikatupa vidonge vyangu chooni.

Baada ya wiki mbili ile tik tik ikafifia, kama saa iliyofunikwa blanketi. Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi... Nilidhani Mungu amenifichia siri.

Nilianguka nikipima kitambaa. Mkasi ulitoka mkononi, mdomo ukaenda upande. Damu ilikuwa imeganda kwenye vali, na kipande kikapanda hadi ubongoni.

Daktari wangu wa moyo aliiangalia ile picha kwa muda mrefu. Alisema huenda madoa mengi hayakuwa damu kabisa. Vali huweza kutoa chembe za chuma ndogo kama vumbi, zikakwama ubongoni, na mbele ya sumaku chembe moja huonekana doa kubwa. "Aliyeisoma angejua una vali," akasema, "asingekuambia uache dawa kabla ya kuniuliza."

Kamau alipokuja wodini nilimweleza yote, kwa ulimi mzito. Akainamisha sikio kifuani pangu, akasikiliza. Nilidhani atalia.

"Kumbe umenicheza mwaka mzima," akasema, akanizaba kofi shavu la kulia. Mlio niliusikia. Uchungu sikuupata, upande huo ulikuwa umekufa. Wauguzi walimtoa wakimburuta.

Wenzangu mlio na chuma moyoni, nawasihi. Mkiulizwa, semeni, hata kama mpenzi amesimama hapo. Bebeni ile kadi ya vali tunayopewa hospitalini kama mnavyobeba kitambulisho. Na mtu asiyeweza kuambiwa, kwa nini mumpe kitanda chenu?

Mimi nimerudi kwa mama, Mutuini. Dawa iko mezani, wazi. Redio tunaizima mapema, na mama akiwa jikoni huniuliza, "Inalia?"

"Inalia, mama."