Uso Unaolia Hauna Nyota

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, dada yangu alinisogezea simu usoni.

"Profesa, leo unajisikiaje?" aliuliza, hata kama bado nina tongotongo machoni.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na nyuso tatu: mmoja unacheka, mmoja mkavu, mmoja unalia. Mimi nilibonyeza unaocheka. Kengele ililia, nikapewa nyota, dada akafurahi, nami nikaenda chooni kutapika.

Naomba usinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la mwisho la shule ya msingi, na mtaa mzima uliniita Profesa tangu nikiwa darasa la pili. Fundi viatu aliniita hivyo, muuza vocha aliniita hivyo, na mama, ambaye hufua mashuka hospitalini, aliwaambia wenzake kwamba mtihani wa taifa kwangu ni mteremko. Hakuna aliyejua kwamba tangu muhula uanze, nikiona karatasi ya hisabati kila nilichosoma kinafutika kichwani. Majaribio mawili niliyarudisha matupu, jina tu juu. Mwalimu alimwandikia mama barua mbili. Zote nilizichana na kuzitumbukiza chooni. Chakula hakikupita kooni, na nilianza kuomba niugue ugonjwa mkubwa, nilazwe, mtihani unipite.

Na dada yangu kazi yake ilikuwa kutibu hofu hiyohiyo! Yeye na mwenzake walipanga chumba juu ya duka la rangi, wakabuni programu ya simu ya kuwapunguzia wanafunzi msongo wa mawazo. Darasa letu, watoto arobaini, tuliijaribu kwa wiki tatu kwenye simu za nyumbani. Ukibonyeza uso unaocheka, unapata nyota. Ukibonyeza unaolia, hupati kitu: unaulizwa maswali kumi na mawili, na ujumbe unakwenda moja kwa moja kwa mzazi na mwalimu. Nani angejitakia hayo?

Siku moja nilipiga moyo konde nikamwambia, "Dada, tumbo linaniuma kila siku."

Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Fungua zoezi la kupumua. Vuta pumzi, hesabu mpaka nne."

Nikahesabu. Nilipofika nne nikakumbuka hisabati, nikajifunika mto nikalia.

Jumamosi alinipeleka ofisini kwake. Siku hiyo alikuwa anakuja muuguzi wa kituo cha afya, mama mfupi anayewahudumia watoto wenye msongo. Yeye ndiye angeamua kama programu itapelekwa katika shule nyingine.

"Tazama, mama," dada alimwonyesha kwa fahari. "Arobaini wote wanacheka. Wiki tatu mfululizo!"

Muuguzi alitazama orodha kwa muda mrefu. "Kazi hii nimeifanya miaka ishirini," alisema. "Darasa la watahiniwa lisilo na hata mmoja anayelia sijapata kuliona." Akanigeukia. "Mwanangu, bonyeza kama unavyobonyeza nyumbani."

Nikabonyeza. Kengele, nyota.

"Sasa bonyeza ule unaolia, nione kinachotokea."

Kidole kiligoma. "Bonyeza tu, Profesa," dada alinihimiza, "ni jaribio."

Nikabonyeza. Swali la kwanza likatokea: Una huzuni tangu lini? Nikaandika: tangu muhula uanze. Swali la pili: Umemwambia nani? Nikaandika: hakuna.

"Andika chochote, usijisumbue kufikiri," dada alisema huku akicheka.

Machozi yakadondoka kwenye kioo cha simu mpaka ikawa haisikii kidole tena.

"We! Unalia nini? Nimekwambia ni jaribio."

"Si jaribio, dada," nilisema.

Nikayamwaga yote: kutapika, karatasi tupu, barua. Dada akapaza sauti, "Lakini nimekuuliza kila asubuhi!"

"Ungefurahi ningebonyeza huu unaolia?"

Dada alikaa kwenye kiti, akaanza kulia na yeye. Muuguzi hakutugombeza. Alinipa maji, akasubiri nimalize, kisha akasema, "Twende kwa mama yenu, sasa hivi, wote watatu. Utasema wewe, mimi nitakaa karibu."

Mama tulimkuta kwenye chumba cha kufulia, mikono ina povu. Nilimweleza yote, barua nikaziacha mwisho.

"Barua za mwalimu ukazichana?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hilo tutalizungumza. Kwanza njoo hapa." Akanikumbatia na povu lake hivyohivyo.

Jumatatu alikwenda shuleni nami. Mwalimu alinirudisha kwenye hisabati ya mwaka uliopita, kidogokidogo baada ya masomo, na kila Alhamisi nilimwona muuguzi. Jaribio lililofuata nilipata kumi na moja kati ya ishirini. Haikuwa alama ya profesa, lakini usiku huo nililala usingizi wa kweli.

Dada naye aliivunjavunja programu yake akaijenga upya, safari hii akituuliza sisi watoto. Aliondoa nyota. Ukibonyeza uso unaolia, unaulizwa jambo moja tu: ungependa kuzungumza na nani? Unachagua mwenyewe, na muuguzi anakuunganisha naye. Baada ya wiki, mimi nikiwa ofisini kwake na muuguzi, alifungua orodha akashika kichwa. Watoto tisa walikuwa wanalia.

"Imeharibika," alisema. "Nimewaharibu watoto wa watu!"

"Haijaharibika," muuguzi alimjibu. "Hawa walikuwa wanalia tangu zamani. Walikuwa wakikudanganya kwa sababu uliwaonyesha kwamba unataka kicheko." Akanitazama mimi. "Na wewe ukumbuke. Kusema kwamba hujambo wakati unaumia ni uongo, na wa kwanza kuumizwa nao ni wewe mwenyewe. Ukizidiwa, mwambie mtu mzima. Asipokusikia, mwambie mwingine, usichoke, mpaka apatikane anayesikia."

Kisha akaniomba nitoke nje, maana majina ya wale tisa hayakuwa yangu kuyajua, akaanza kumpigia simu wa kwanza.