Sekunde Kumi na Moja za Fundi Fortunat

Kila siku saa sita na nusu, shule ikiachia, Ghanima alishuka na avenue yao mtaani Buyenzi, akapita katikati ya magari yaliyoachwa boneti wazi na mafundi waliolala chini yake, mpaka kwenye kibanda cha chai cha mama yake. Pale alifunga kanga juu ya nguo ya shule, akaanza kuosha vikombe. Mama yake, Saliha, aliwauzia chai ya maziwa na sambusa mafundi wa gereji ya mzee Faruk, iliyokuwa ng'ambo tu ya barabara. Ghanima alikuwa na miaka kumi na tatu, alikuwa wa pili darasani, na alikuwa na simu.

Simu yenyewe ilikuwa imeachwa na dada yake aliyeolewa, kioo kimepasuka pembeni. Lakini kamera yake ilikuwa nzima, na ilikuwa ndani ya grupu la WhatsApp linaloitwa Macho ya Buyenzi. Watu mia nne na kitu. Hao ndio watu ambao asubuhi wanatumiana picha za maua, mchana wanatumiana dawa ya kila ugonjwa, limau na kitunguu, na jioni wanatukanana. Siku ikipita bila mtu wa kumsema, wanakaa kama wagonjwa. Humo ndani Ghanima hakujiita Ghanima. Alijiita Jicho la Mtaa, na picha yake ilikuwa miwani nyeusi. Mtoto anayefokewa nyumbani kwa kuacha ndoo nje, humo alikuwa askari.

Jumanne moja Ghanima alikuwa anasuuza vikombe, macho yakiwa gerejini. Fortunat alikuwa amechuchumaa karibu na bomba. Huyu Fortunat alikuwa fundi wa mzee Faruk kwa miaka tisa, mtu wa mtaa wa Kinama, maneno machache, chai anakunywa amesimama. Mkononi alikuwa na demareri, ile mashine ndogo inayoamsha injini ya gari. Alikuwa anaisugua kwa sabuni na mswaki wa zamani. Aliisugua mpaka ikang'aa kama imetoka dukani. Akaifunga kwa gazeti, akaiingiza kwenye begi lake, akaenda pembeni ya barabara. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka mbio.

Kila mtoto wa Buyenzi anajua kwamba huko mtu anatazama kushoto na kulia kwa sababu magari mengi yanakuja gereji kutafuta breki, hayajazipata bado. Ghanima alijua pia. Lakini siku hiyo hakuona mtu anayevuka barabara, aliona mwizi.

"We, angalia," alikuwa amemwambia Trésor, mwenzake wa darasa, aliyekuwa amekaa pale na sambusa, gazeti lilipoanza kufungwa. "Kitu mpya ile. Anaificha."

"Piga," Trésor akasema, mdomo umejaa. "Piga haraka, ataondoka."

Akapiga. Sekunde kumi na moja, kutoka gazeti mpaka kuvuka. Chini yake akaandika: Mwizi wa vyuma huyu. Mzee Faruk amka, gereji inaisha.

Kabla vikombe havijakauka, grupu lilikuwa linachemka. Mmoja akaandika kwamba siku zote macho ya yule fundi hayakumpendeza. Huyo alikuwa anakaa mbali, kule Gatumba, hajawahi kumuona Fortunat hata mara moja. Mwingine akasema watu kama hawa wakatwe mikono. Mwingine akatuma vidole gumba kumi na nane. Ghanima alivihesabu. Trésor alisema, "Jicho la Mtaa, we ni hatari," na Ghanima akacheka, akajaribu kuficha kwamba amefurahi.

Jumatano saa sita na nusu, mzee Faruk alikuwa amesimama katikati ya gereji yake, simu mkononi. Alikuwa amengoja watu wajae. Ni mtu mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa, na vyote viwili anavitumia pale tu pakiwa na watazamaji.

"Miaka tisa nakulisha," alimwambia Fortunat. "Kumbe nafuga mwizi."

"Bosi, ile demareri ni ya—"

"Funga mdomo. Dunia nzima imeona."

"Bosi, niulize tu."

"Nikuulize nini? Video haisemi uongo. Toka."

Fortunat alivua ovaroli yake pale pale, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya tairi. Akaondoka na singlendi. Mafundi wenzake, ambao wote wamekula chakula chake, walitazama chini kama wamepoteza bolti.

Siku mbili zilizofuata, Fortunat alizunguka gereji za Buyenzi kuomba kazi. Alikwenda tatu. Kwenye zote tatu hawakumuonyesha hata kiti. Walimuonyesha video. Kazi ya fundi ni kuachiwa funguo za gari la mtu, na nani anamwachia funguo mtu anayeitwa mwizi na watu mia nne? Saliha alilisema hilo akikaanga sambusa, akasikitika. Ghanima aliendelea kusuuza vikombe. Alijiambia kwamba mwizi ni mwizi.

Jumamosi akaja Maître Carmen, wakili mwenye ofisi ndogo kule mtaa wa Asiatique. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, na gari lake, Carina ya zamani, lilikuwa limelala siku kadhaa.

"Fortunat iko wapi?" aliuliza. "Betri inanisumbua."

"Nimemufukuza," mzee Faruk akajibu. "Aliiba demareri mpya. Video iko hapa."

"Nionyeshe."

Maître Carmen aliitazama, akairudia. Kisha akaenda nyuma ya gari lake, akafungua buti, akatoa kitu kimefungwa kwa gazeti. Akalifungua gazeti juu ya meza ya vyuma.

"Ni hii?"

Mafundi wakasogea kutazama.

"Hii ni demareri yangu ya zamani," akasema. "Imekufa. Ifunge kwenye betri yoyote uone kama itazunguka. Jumanne Fortunat aliniwekea mpya, nikachukua gari mbio, nilikuwa na kesi. Fortunat akaniambia, Maître, chuma chako nitakuletea. Akakileta mpaka ofisini, kwa miguu, bila kuombwa. We Faruk, umezeeka hapa Buyenzi, haujui chuma cha zamani kinarudi kwa mwenye gari?"

Alijua. Hapo kila mtu anajua. Ukibadilisha kitu kwenye gari la mtu, unamrudishia kile kilichokufa, aone kwa macho yake kwamba kweli kimebadilishwa. Fundi anayebaki nacho ndiye wa kuogopwa. Fortunat alivirudisha vyote, tena alivisafisha kwanza, visichafue viti vya watu. Ghanima alikuwa amemuona akifanya hivyo mara nyingi sana, kutoka kibanda kile kile.

"Mi sikupiga video," mzee Faruk akasema.

"Apana. Aliyepiga alisema uongo, we ukaubeba mpaka mwisho. Ulimuuliza Fortunat? Ulimupa karatasi ya kumuomba maelezo, aandike imekuwa aje?"

"Karatasi, Maître? Hapa ni gereji."

"Ndiyo, gereji. Sheria ya kazi haikuandikwa kwa watu wa benki peke yao. Haumufukuzi mutu kwa kutazama simu kama unatazama mupira. Na huyo aliyepiga naye namutaka. Siku hizi iko sheria ya makosa ya mitandao. Kumupiga mutu picha bila kumwambia, kumuita mwizi mbele ya mia nne, bila kujua kitu, hiyo ni kosa ya kujibu. Ni nani huyu Jicho la Mtaa?"

"Jicho gani," fundi mmoja akasema. "Huyo kipofu." Watu wakacheka.

Ghanima alijificha nyuma ya sufuria ya chai, akafungua simu, akatafuta ile video aifute. Siku zilikuwa zimepita. Simu ilimpa ruhusa ya kuifuta kwake peke yake. Kwa wale wengine itabaki, na wale wa gereji tatu itabaki nao pia. Alitafuta macho ya Trésor, aliyekuwa mwalimu wa kamera siku ya kwanza. Trésor alikumbuka ghafla kwamba anaitwa nyumbani.

"Basi si mwizi," mzee Faruk alikuwa anasema. "Lakini jina imeshachafuka. Watu wa grupu nitawaambia nini, kwamba Faruk alikosea? Jumatatu naleta fundi mwingine. Kama huyo Jicho hajitokezi, mi nifanye nini?"

Hapo ndipo Ghanima alipoelewa. Ile miwani nyeusi ikinyamaza tu, Fortunat atabaki mwizi maisha yake yote. Alivuka barabara na kikombe bado mkononi.

"Ni mi," akasema. Hakuna aliyegeuka. Akarudia kwa nguvu. "Jicho la Mtaa ni mi."

Saliha alikuja nyuma yake akijifuta mikono.

"Huyu mutu ulimupa chai wewe mwenyewe, siku moja kabla ya video," akamwambia. "Jina lake unajua?"

"Najua, mama."

"Anakaa wapi unajua?"

"Najua."

"Basi usiniambie haukujua. Ulitaka kupigiwa makofi."

Ghanima akaanza kulia.

"Una miaka ngapi?" Maître Carmen aliuliza.

"Kumi na tatu."

"Una bahati uko mutoto. Mutu mukubwa ningemuandikia mashitaka leo leo. Na hayo machozi ya nini kwangu? Mi si Fortunat. Chukua simu, sema jina lako lenye mama yako alikupa, sema ukweli, humo humo ulimosema uongo."

Akasema. Jina lilisikika: Ghanima, binti Saliha, wa kibanda cha chai. Alieleza ile demareri ni ya nani na ilikuwa inakwenda wapi. Watu mia nne wakasikiliza. Wawili wakajibu alhamdulillahi. Watatu wakafuta walichokuwa wameandika. Wa Gatumba akauliza kama kuna anayeuza makaa kwa bei nzuri.

Jioni hiyo Maître Carmen aliwapakia wote kwenye Carina, Ghanima, Saliha na mzee Faruk, mpaka Kinama. Fortunat alikuwa uani anatengeneza baiskeli ya jirani. Mke wake, Dévote, hakuleta viti.

"Jumatatu urudi kazini," mzee Faruk akasema, anatazama baiskeli. "Yaliyopita tuyaache."

"Apana, bosi. Ulinifukuza mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu. Andika kwamba sikuiba, piga muhuri ya gereji, bandika kwa mulango. Kama haiwezekani, baiskeli ziko nyingi huku."

Mzee Faruk alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumsaidia. Hakumpata. Akasema ataandika.

Ghanima akasogea. "Nisamehe, baba Fortunat."

Fortunat aliweka spana chini. "Siku ile ulikuwa pale pale karibu na mi. Kwa nini haukuniuliza nabeba nini? Uliniogopa?"

"Apana."

"Basi nini?"

Ghanima alitazama ile spana chini. "Ningekuuliza, ungenijibu," akasema. "Na video ingekufa."

"Ehe. Hapo sasa umesema ukweli, ushike huo," Fortunat akasema. "Mutu anayetaka kujua, anauliza. Anayetaka kusikika tu, anakimbilia kamera. Sheria za Maître ni nzuri, mi nazishukuru, lakini zimefika nimeshalala na aibu siku tatu na watoto wangu wananitazama. Swali lingefika mapema. Kabla hujamuita mutu mwizi, muulize. Kama hauna nguvu ya kumuuliza machoni, hauna haki ya kumusema mugongoni."

Jumatatu karatasi ilikuwa mlangoni, na muhuri wake. Fortunat alivaa ovaroli, akaja kunywa chai, amesimama. Ghanima alimpelekea kikombe. Alikipokea, hakusema neno. Jumanne vilevile. Jumatano alikunywa mpaka chini, akarudisha kikombe, akamuuliza:

"Na shule, iko aje?"