Mapipa ya Dobi

Dobi alikuwa na mapipa matatu ya maji ya mvua uani. Maji yale yalikuwa ya kusuuzia nguo nyeupe tu. Yakipungua, aliongeza. Kuyamwaga? Afadhali ummwagie uji wake.

Mwezi ule mume wake alilazwa kwa kidingapopo. Homa kali, viungo vinauma, kugeuka hawezi. Na sasa binti yao, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anaumwa na mbu mchana kweupe. Dobi aliogopa sana. Mwenye hofu hakosi wa kumshuku, naye alimshuku jirani, fundi pancha, kwa mtaro wake mweusi unaonuka.

"Mtaro wako utaniulia mwanangu!"

"Shemeji, mtaro huu una miaka kumi. Mbona leo?"

 Dobi alikwenda moja kwa moja kumshtaki kwa bibi afya.

Bibi afya alikuja na upawa mweupe. Akachota mtaroni. Viluwiluwi!

"Sikusema mimi?" dobi akashangilia.

"Fundi, zibua mtaro wako," bibi afya alisema. "Lakini hawa ni mbu wa maji machafu, wanauma usiku. Wa malaria hupenda vidimbwi vya juani. Wa kidingapopo ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hutaga kwenye maji safi ya majumbani. Mapipa haya ya nani?"

"Hayo achana nayo! Ni safi kuliko ya kunywa."

Bibi afya alichota. Viluwiluwi vikacheza.

"Umevitoa mtaroni!" dobi alifoka. "Mmepanga na fundi!"

"Haya, mama. Osha upawa, uchote mwenyewe."

Aliosha mara mbili. Akachota pipa la pili, akachota la tatu. Kote viluwiluwi.

"Kumbe nimewafuga mimi," alisema.

Fundi akacheka.

"Usicheke," bibi afya alimwambia. "Matairi yako yale yamejaa maji ya mvua."

Walimwaga yote siku ileile. Mayai ya mbu hung'ang'ania ukutani mwa pipa, juu ya maji, hata pipa likikauka, kwa hiyo dobi alisugua kwa brashi. Tangu hapo husugua kila wiki, na hufunika kwa kitambaa kilichofungwa kamba.

Mume alipona. Binti akajifungua salama. Siku ya kwanza mtoto alipolala uani mchana, dobi alikaa kando yake na kanga mkononi, bado haamini kwamba mbu wamekwisha, akiwavizia. Alivizia mpaka mtoto akaamka.