Kishikwambi cha Malkia na Kibao Changu

Kila asubuhi niliwasha kishikwambi changu kabla ya kupiga mswaki. Nilipiga mswaki, nikavaa sare, nikafunga kamba za viatu, na hapo ndipo chenyewe kilipoamua kuamka. Mama alikuwa akinicheka nyuma ya cherehani yake, midomo imebana pini. Alishona sare za darasa zima ndipo akaweza kuninunulia, nami nilikipenda hivyo hivyo na uzito wake.

Aliyeniharibia raha ni Malkia. Hilo si jina lake, tulimpa kwa maringo yake. Siku aliyokuja na kishikwambi kipya cha bei mbaya, chembamba, kinang'aa, alikitazama changu akauliza kwa sauti, "Mwenzangu, hicho ni cha kusomea au cha kukatia vitunguu? Mama yako alikiokota wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo nikaitwa Kibao. Kuitwa Kibao ningevumilia. Lakini kumtia mama yangu mdomoni! Niliapa nitamlipa, tena mbele ya hao hao waliocheka.

Nafasi ikaja yenyewe. Shule ilitaka vishikwambi vya maktaba, na mwalimu wa sayansi akasema darasa letu ndilo litakaloshauri: vinunuliwe vichache vya bei kubwa au vingi vya bei nafuu? Vya kupimwa vikawa cha Malkia na changu.

Kwenye kasi niliaibika. Cha Malkia kilifungua kitabu sijapepesa macho. Changu kilizunguka weee! Kwenye picha, changu kilimpiga mwalimu akatoka kama amemwagiwa unga. "Pole, Kibao," Malkia akaniambia. Nikasaga meno. Kilibaki kipimo kimoja tu, betri. Vyote viwili vilijazwa chaji, vikafunguliwa kitabu kilekile kwa mwangaza uleule, vikaachwa maabara hadi saa ya chakula. Zamu ya kutunza maabara ilikuwa yangu.

Wakati wa mapumziko nilibaki navyo peke yangu. Nilipandisha mwangaza wa cha Malkia hadi mwisho, nikafungua video, nikazima sauti. Kengele ilipokaribia kulia nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. "Leo mtanitambua, wewe na mwenye wewe," nikakiambia.

Mwalimu alisoma matokeo mbele ya darasa. Changu kilibakiwa na asilimia themanini na nane. Cha Malkia, sabini na moja. Darasa likalipuka kwa shangwe! Malkia akalengwalengwa na machozi, nami sikumwonea huruma hata chembe. Utamu ulioje! Nikaanza kupanga nitakavyomsimulia mama.

Lakini mwalimu alikuwa bado anakibonyezabonyeza kishikwambi cha Malkia. "Hiki huorodhesha kila kilichokula chaji," alisema taratibu. "Naona video, dakika ishirini na tano. Nani alikuwa akitazama video maabara?"

"Atakuwa mwenyewe," sauti ikasema nyuma. Malkia akatikisa kichwa, sasa analia kweli. Ningeweza kunyamaza. Lakini mwalimu alikuwa ananitazama, wala hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Kesho yake kipimo kilirudiwa, mwalimu mwenyewe amekaa navyo asubuhi nzima. Changu, themanini na nane. Cha Malkia, themanini. Nilikuwa nimeshinda! Hakuna aliyepiga makofi. "Amekichezea tena," wakanong'ona, ingawa mwalimu hakubanduka kitini.

Jioni nilimweleza mama yote. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo kilikuwa kinashinda chenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Yule aliyenitukana ni mtoto mwenzako, wala hajanipunguzia kitu. Wewe ndiye umenivunjia heshima. Mwanangu, ukishadanganya mara moja, hata ukweli wako watu wataugeuza nje ndani wakitafuta ulipopasuka. Kesho kamwombe radhi."

Nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Nilimwomba radhi Malkia mbele ya darasa. Akasema kwa shida, "Na mimi nisamehe, kwa yale ya mama yako."

Shule ilinunua vingi vya bei nafuu. Kwenye ripoti, chini ya betri, mwalimu aliongeza kwa mkono wake: "Kipimo hiki nimekisimamia mimi." Jina langu halikuwekwa.

Wiki iliyofuata chaji ya Malkia iliisha katikati ya somo. Akanigeukia akiwa mpole. Maneno ya kumkomoa yalikuwa tayari yamefika ulimini. Nikayameza, nikamsogezea kishikwambi changu.

"Kiwashe," nikamwambia, "halafu nenda kapige mswaki kwanza."