Mlango Mmoja, Sindano Mbili

Mtaa wa Kawangware 46 ulikuwa unachemka siku Nashon alipomchoma Risper macho. Hakukusudia. Alikuwa anachomelea geti kando ya njia, cheche zinaruka, msichana wa gauni la manjano akapita na beseni la viazi, akasimama ghafla na kujifunika uso kwa leso.

"We fundi! Unataka kuniua?"

"Pole, mrembo. Huu moto haujawahi kuua mtu."

"Zima kwanza, ndio uanze kutongoza."

Akazima. Tangu hapo Nashon hakutulia. Akitoka kazini anatembea mpaka Kianda, kule Kibera, alikokaa Risper na binamu yake Audrey. Asipoenda, anapiga simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe umeoga, ama unanipigia na masizi?"

Lakini kulikuwa na siku simu haishikwi kabisa. Akiulizwa, Risper hujibu, "Ni kichwa tu." Nashon hakuchimba zaidi. Alishamwambia mama yake kule Bondo kwamba anaoa, na mama alishaanza kumchagulia mjukuu jina.

Siku moja aliitwa kutengeneza geti la kliniki moja pale mtaa wa Raila, hukohuko Kibera. Yuko chini na nyundo, akamwona Risper akitoka chumba cha mwisho, leso imeshushwa mpaka kwenye nyusi kama mtu anayejificha. Juu ya mlango pameandikwa: Kupanga Uzazi.

Jioni akapiga simu.

"Leo umechomwa sindano ya kupanga uzazi."

"Nani amekuambia?"

"Macho yangu! Mimi naongea na mama mambo ya watoto, kumbe wewe unapanga kivyako. Ama kuna mwingine?"

"Nashon, umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi malizia peke yako." Simu ikakatwa.

Kesho yake alichomelea bawaba za geti juu chini, Mzee Kimotho mwenye ploti ya nyumba za kupanga akamfokea. Akatupa nyundo, akashika njia ya Kianda.

Audrey alimpokea mlangoni. "Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kumuuliza."

"Basi uliza polepole. Kichwa kimeamka."

Mchana kweupe, dirisha limefunikwa blanketi. Risper amelala bila leso. Kwenye paji la uso ana vialama vyekundu kama ameumwa na mbu, vingine vinaingia kwenye nywele mpaka shingoni.

"Hizo ndizo sindano zangu," akanong'ona. "Za kuzuia kipandauso, kichwa kisije. Nachomwa kila miezi mitatu. Zamani nilikuwa nalala hivi nusu ya mwezi. Sasa angalau napumua."

"Na kile chumba?"

"Daktari wa kichwa anakuja kama mgeni. Hana chumba chake, anaazima hicho."

Angekuwa nacho wapi? Wadi mpya ya kliniki ile wakubwa waliikatia utepe, wakapigwa picha, wakaiachia popo. Wagonjwa wa kila namna wanasukumwa mlango mmoja. Nyumba za watu zinavunjika, mkubwa anakoroma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema kila mtu huumwa kichwa, meza dawa ulale. Wote husema hivyo."

Nashon alijua angesema hivyo hivyo.

"Na hujasikia yote. Nikitaka mimba, daktari amesema nimwambie mapema, pengine sindano zisimame. Mtoto huku, kichwa huku. Mama yako anataka mjukuu. Nenda ufikirie."

Nashon hakwenda. Alitoa simu palepale.

"Mama, yule mke niliyekuambia nimempata. Anaitwa Risper."

"Nyasaye, Mungu wangu! Na mtoto je?"

"Mtoto atangoja, mama. Huenda asije. Risper ana ugonjwa, na dawa yake ndiyo ya kwanza."

Mama akashusha sauti.

"Umeamua?"

"Nimeamua."

"Basi usije kunililia uzeeni." Akakata.

Risper alifumbua jicho moja. "Umefanya hivyo ndio nikusamehe?"

"Hapana. Ndio nisiweze kurudi nyuma."

"Na daktari akiacha kuja? Hao wakubwa wa kliniki hawachelewi kumfukuza."

"Sijui, Risper. Kweli sijui."

Risper akasogea ukutani, akamwachia nafasi kitandani.

"Vua hayo mabuti," akasema. "Polepole."