Mgongo wa Kuazima

Haya yalimkuta dada yangu wa tumbo moja, na siku za mwanzo zilikuwa za kawaida kabisa. Kazini walimwita Mama Banda, kwa kuwa ndiye aliyewalisha kondoo wa maabara. Alifagia, akamwaga maji, akawagawia majani huku akiwasimanga kwa ulafi wao kama vile ni mawifi zake.

Kondoo wale walikuwa wa majaribio. Madaktari waliwapasua mgongo, wakatia katikati ya pingili mbili chembechembe nyeupe mfano wa chumvi ya mawe, badala ya mfupa ambao kwa kawaida huchongwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe. Zikishika, pingili mbili zinakuwa moja. Zikikataa, kazi bure.

Dada alitaka zishike kuliko hata madaktari. Mwanawe, fundi rangi, alikuwa ameanguka kutoka jukwaani, akavunjika mgongo. Alilala wodini, hospitali ya jirani, hageuki bila kugeuzwa, na nyonga yake haikuwa na mfupa wa kufaa. Daktari mkuu alishamwambia dada kwamba dawa ikifaulu kwa kondoo, ndipo itafika zamu ya watu.

Basi kila asubuhi alimwendea kondoo jike mmoja mpole, akampapasa palepale penye kovu, akamnong'oneza:

"Mpe mwanangu mgongo wako, mama. Wewe wa nini?"

Angeomba dawa ishike tu, yangeishia hapo. Lakini alikuwa na uchungu, na maneno yakamtoka hivyo.

Kondoo akaacha kula. Akawa anasimama tu, anamkazia macho. Hapepesi.

Siku ya kupima ikafika. Eksirei ya jana yake ilionyesha mfupa mpya, mnene, umeshika barabara, na madaktari walishapeana mikono. Kondoo akadungwa sindano ya kumaliza, kipande cha uti wa mgongo kikatolewa. Dada akashika ncha moja, daktari mkuu nyingine, wakunje. Kisipokunjika, dawa imekubali.

Kikakunjika. Kama mkanda.

Daktari akakigeuza, akakisogeza kwenye taa. Hamna mfupa mpya. Hamna chembe. Hata alama ya kisu hamna.

"Nani amebadilisha mnyama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Dada alishatoka mbio, glovu zingali mikononi.

Wodini alimkuta mwanawe ameketi. Wima. Peke yake. Nesi alikuwa mlangoni, hataki kusogelea kitanda. Dada akanyoosha mkono ampapase, kijana akajibanza ukutani.

"Usinishike hapo, mama," alinong'ona. "Kila asubuhi unanishika hapo. Nakuuliza kwa nini, hunijibu."

Wakamvua shati. Ngozi nzima, hakuna mshono. Chini yake, eksirei ilionyesha, pingili mbili zilikuwa moja.

Leo anatembea, tena anapaka kuta za watu. Ila mfupa haukukoma pale. Umepanda pingili kwa pingili hadi mabegani, na kuinama hawezi, hata kufunga kamba za viatu. Madaktari wanapiga picha, wanatikisa vichwa, wanamrudisha nyumbani. Dada ndiye anayemvalisha. Dada ndiye anayemtandikia.

Na kila asubuhi akivuta shuka, anakuta godoro lina vishimo vinne vidogo, vimedidimia sana, kama vile palisimamiwa usiku kucha.